Ila

Ghorofa ya chini, Guelph, Februari.
Theluji imeziba dirisha hadi kwenye komeo
na harufu ya vidonge vya nondo imeingia mpaka kwenye chai.
Nimevuta droo ya mia tatu na kumi na mbili,
"wasiotambuliwa", wino umepauka,
na humo, kati ya nzi na vumbi la nzi,
nyigu mdogo kuliko chembe ya ufuta
amegandishwa kwenye ncha ya kadi
miaka tisini na moja, hajaulizwa jina.

Si nyigu wa kukufukuza mezani huyu.
Hutaga ndani ya yai la mwingine,
humwachia mwanawe riziki, akaenda zake.

Chini ya hadubini ananijia mpaka nasahau udogo wake:
vipapasio vya vifundo kumi na vitatu, cha mwisho rungu;
mabawa yenye nywele ukingoni;
kidari cheusi chenye mng'ao wa kijani.
Kijani gani? Niliandika "cha chupa", nikafuta.
"Cha shingo ya njiwa." Nikafuta.
Sayansi haitaki njiwa. Inataka
milimita sifuri nukta nane,
mguu wa nyuma kushoto, umekatika.

Na ili kusema hafanani na yeyote
huna budi kuwataja kwanza wote anaokaribia kufanana nao,
kisha useme: ila.
Ila mshipa wa bawa haufiki ukingoni.
Ila kiuno chake kina mfuo mmoja, si miwili.
Ila, yaani isipokuwa. Ila, yaani kasoro.
Spishi nzima imesimama juu ya neno hilo, kwa mguu uliobaki.

Mwalimu Mkanyika, Korogwe, chaki sikioni,
alitukataza kusema kipepeo kinaruka.
"Anaruka! Roho ndiyo inayotawala sentensi."
Hakutuambia tufanyeje roho ikishatoka.
Asubuhi niliandika: nyigu huyu ana.
Adhuhuri, pini ilipopenya kadi mpya: kielelezo hiki kina.
Sikuona alivuka saa ngapi.

Chini yake lebo, ndogo kama ukucha:
Fergus, 4 Agosti 1934. Dirisha la jiko. E. Haskett.
Basi.

Profesa Hnatiuk amesoma rasimu yangu,
anauliza kutoka mlangoni, kofia ya sufu bado kichwani:
"Huyu Haskett, bwana au bibi?"
Maana Kilatini hakikupi jina mpaka ujibu:
hasketti kwa mwanamume, haskettae kwa mwanamke.
Nikataka kumwambia, sisi tunasema yeye.
Yeye alikuwa anaosha vyombo.
Yeye aliona nukta ikitembea kwenye kioo,
akaacha sahani na povu lake, akatafuta chupa.
Yeye akaandika tarehe.

Nimepiga simu Fergus. Kijana wa maktaba
kapata Haskett wawili chini ya paa moja:
Edgar, fundi saa, na dada yake Ethel.
Edgar hakuoa, Ethel hakuolewa
(hapo Kiswahili nacho kilinisaliti).
"Nani alikuwa akiosha vyombo?"
Kijana akacheka. Daftari la kanisa halisemi.

Mkono uliozoea magurudumu ya saa
ungeweza kumwinua nyigu huyu bila kumvunja.
Mguu, lakini, umevunjika.
Nimekaa na hilo muda mrefu, chai ikapoa.

Kisha nimeandika haskettorum: wa Haskett, wote.
Hnatiuk amekubali, kisha akanikumbusha
kwamba Kilatini, akiwemo mwanamume mmoja kundini,
huwavisha wote koti lake.
Najua. Jina lina ila yake.

Nimebandika lebo nyekundu chini ya ile ya zamani,
sikuitoa ile ya zamani,
nikasukuma droo taratibu, nisikitikise.
Nisimtikise.